Siku Saba za Laini Bubu

Wezi waliwahi kuingia nyumbani kwa Bi Swichi mchana kweupe. Walibeba redio, pasi, na mapazia ya sebuleni pamoja na fito zake. Kompyuta waliinyanyua, wakapiga hatua mbili, wakaitua chini. Kisha, na hapa ndipo Bi Swichi alipojiona ametukanwa, wakaifunika tena kwa kitambaa chake cha kudarizi, kama mtu anavyomfunika mgonjwa ambaye daktari ameshamtikisia kichwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mzima. Mzima kwa namna yake. Skrini ilikuwa na kisogo kilichofika ukutani. Kibodi ilikuwa imepoteza herufi ya Q, ambayo Bi Swichi alisema hajawahi kuihitaji tangu azaliwe. Ukiiwasha, mashine inakohoa, inanguruma, halafu inatulia kufikiri, na katika kufikiri huko mwenye nyumba anapata wasaa wa kuchemsha maji, kunywa chai kikombe kimoja na kukiosha.

Intaneti yake nayo ilikuwa ya rika hilohilo. Haikushuka kutoka hewani kama ya watu wa leo. Ilipita kwenye waya wa simu ya mezani, ileile ya kupokelea habari za misiba. Kompyuta ilibidi ipige simu kwanza, kama binadamu, ipokelewe na mtambo wa upande wa pili, isalimiane nao kwa makelele, ndipo barua zianze kupita mojamoja. Jirani akipiga wakati huo kuomba ngazi, anakuta laini ina shughuli, anamsema vibaya.

Jina la Swichi alilipata kazini. Miaka ishirini na saba alikaa mbele ya swichibodi ya kituo cha simu, vipokea sauti kichwani, nyaya mkononi, akiwaunganisha watu waliotaka kusemezana: wachumba, wafiwa, mawakili, na wengine waliopiga ili wapumuliane tu. Huko ndiko alikotiwa kichwani kanuni ambayo hakuirudisha ofisini alipostaafu: laini ikikaa sekunde kumi bila sauti, chomoa. Usisubiri, usibembeleze, usiseme haloo haloo kama umepotelewa na mbuzi. Chomoa, uanze upya.

Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi, kompyuta ilipoanza kupiga simu, Bi Swichi hakuitazama skrini. Alifumba macho, akaelekeza sikio la kulia kwenye boksi, na mkono wa kushoto akaushika waya pale unapoingia ukutani, tayari kwa lolote. Mlio wa kwanza: laini ipo. Tarakimu zikagongwa: namba inakwenda. Mwito: upande wa pili unaamshwa. Kisha yale makelele yenyewe, mkwaruzo na mluzi na paka wawili ndani ya debe, na humo Bi Swichi aliweza kukwambia kama nguzo za njiani zimelowa mvua. Macho, alisema, hayajawahi kumuunganisha mtu na mtu.

Na yote hayo kwa ajili ya drafti.

Aliyecheza naye aliitwa Kaka Ng'ambo. Huyu alikuwa opereta wa kituo cha mji mwingine, mwisho wa laini ndefu. Walifahamiana kwa sauti robo karne nzima, na hawakuwahi kuonana hata kwa picha. Urafiki wao ulikuwa na doa moja. Miaka hiyo ya kazi, bwana mkubwa mmoja mwenye cheo kirefu kuliko kitanda chake aliugua, akaomba aunganishwe na daktari wake huko ng'ambo. Simu ikapita kwa Bi Swichi, ikapita kwa Kaka Ng'ambo, ikatua kwa fundi majeneza. Fundi, mtu wa adabu zake, akauliza, "Mzee, urefu?" Bwana mkubwa akadhani ni utabibu wa kisasa, akataja. "Na mabegani?" Akataja. Walipofika kwenye rangi ya mbao ndipo alipoanguka.

Alipona, bahati mbaya kwa maopereta. Kila mmoja akapewa barua ya onyo, na kila mmoja akaapa kwamba kosa ni la mwenzake: Bi Swichi kwamba aliomba namba ya daktari ikasikiwa hovyo, Kaka Ng'ambo kwamba aliombwa namba ya fundi na akaitoa kama alivyoombwa. Wakastaafu na ubishi wao, kama watu wengine wanavyostaafu na kiuno. Wakajaribu kuumaliza kwa simu mara tatu, mara zote tatu mtu akabamiziwa simu sikioni. Ndipo wakakubaliana: drafti, mechi ishirini na moja, kete moja kwa siku, kwa barua pepe. Atakayeshindwa ataandika kwa mkono wake mwenyewe, "Kosa la simu ya jeneza lilikuwa langu," na kutia sahihi.

Masharti matatu yalibandikwa ubavuni mwa kompyuta. La kwanza: waya kwa waya, vya hewani havihesabiwi. La pili: atakayempigia mwenzake akaongea kwa mdomo, ameshindwa. La tatu alilitunga Bi Swichi, kwa kuwa alimshuku Kaka Ng'ambo kwa uvivu: atakayekaa kimya siku saba, hadi saa sita mchana ya siku ya saba, amekiri.

Jumanne ambayo mkasa wetu unaanzia, walikuwa wamefungana kumi kwa kumi na mechi ya mwisho ilikuwa mezani. Bi Swichi alikuwa na kete nne. Kaka Ng'ambo saba. Saa nne akasogeza kete, akaituma, akafunika mashine yake.

Nyumbani humo alikuwa amepokea wageni: mpwa wake, fundi wa lifti, na mkewe, na kichanga chao cha wiki tano ambacho kilikuwa kimejipangia usingizi wake saa nne kamili asubuhi. Hakuna aliyesema kitu. Mpwa ni mtu wa haya. Lakini Jumanne hiyo mchana, shangazi akiwa uani anaanika nguo, alifungua kompyuta, akaingia kwenye mipangilio, akakishusha kipimo cha sauti ya modemu hadi mwisho wa chini. Modemu ni ile kadi ya ndani inayopiga simu. Akaifunika tena kompyuta, akambusu mtoto, akaondoka kwenda mbali kufunga lifti kwenye jengo jipya, kazi ya wiki mbili. Aliamini amefanya wema usiomgharimu mtu chochote.

Jumatano saa nne Bi Swichi akaketi, akafumba macho, akashika waya. Akabonyeza.

Kimya.

Akahesabu hadi kumi, akachomoa. Akaanza upya. Kimya, kumi, chomoa. Mara ya sita akanyanyua mkono wa simu ya mezani, akausikiliza: mlio ulikuwepo, mnene, wenye afya. Basi hukumu ikatoka: laini nzima, modemu imekata roho. Na kompyuta, masikini ya Mungu, ilikuwa inapiga simu vizuri kabisa kila mara, na kila mara inakatwa koo ikiwa katikati ya kutaja namba.

"Imeharibika, Shangazi?" akauliza mke wa mpwa, mtoto begani.

"Imefariki sauti."

"Pole. Si uandike kwenye simu yangu tu? Barua pepe ni ileile."

"Mwanangu, soma hapo ubavuni."

Mke wa mpwa akainama, akasoma masharti yote matatu, akanyooka. "Sasa hewani kuna ubaya gani?"

"Hewani kila mtu anapita. Waya una mwenyewe."

Alhamisi alikodi mkokoteni. Wale wezi wangeona, wangejifunza. Boksi likafika kwa fundi wa kompyuta, bwana mmoja aliyejiita Daktari, na kabla halijatua mezani mafundi wa maduka ya jirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Mama, hii umeichimbua wapi?"

"Imenichimbua yenyewe. Tazama modemu."

"Modemu!" Daktari akawageukia wenzake. "Jamani, kasema modemu. Mara ya mwisho kulisikia neno hilo nilikuwa na nywele."

"Na akili ulikuwa nayo, au ilikuwa bado?" akauliza Bi Swichi.

Mlangoni wakacheka, mmoja akaomba kupiga picha na boksi. Daktari akafungua, akapuliza vumbi, akatoa kadi, akaigeuza, akainusa. Fundi akinusa kitu ujue elimu imemwishia.

"Siioni shida, mama."

"Ipime basi."

"Nitaipimia kwenye nini? Hapa sina waya wa simu. Mtaa mzima hakuna. Nadhani umebaki wewe tu, na mimi ningekuwa kampuni ya simu ningekuwa nakuletea maua."

Ijumaa Daktari akachakura kwenye mapipa ya vyuma chakavu, akapata kadi nyingine, pacha wa ile ya kwanza. Jumamosi kadi ikafungwa, mkokoteni ukarudi nyumbani. Bi Swichi akaketi, akafumba macho, akabonyeza. Kimya. Kumi. Chomoa. Mpwa hakuwa ameigusa kadi hata kidogo, alikuwa ameiambia kompyuta yenyewe inyamazishe modemu yoyote itakayopachikwa. Pacha naye alizaliwa bubu.

"Ameniuzia maiti ya pili," akasema Bi Swichi, na mke wa mpwa akamletea chai bila kuombwa.

Chai hiyo ilimtia wasiwasi. Tangu Jumatano binti huyu alikuwa mwema kupita kiasi: chai, mto wa mgongoni, "pumzika Shangazi," "asante Shangazi," asante ya nini haijulikani. Bi Swichi aliwahi kuona wema wa namna hiyo. Hutolewa kwa watu ambao ndugu wameshagawana vyombo vyao.

Jumapili alipiga simu kampuni ya intaneti, kwa mdomo, maana sharti la pili halikuwahusu. Aliimbiwa muziki dakika ishirini. Kisha kijana mwenye sauti ya kulainishwa akauliza amsaidie nini.

"Modemu yangu haiongei na mtambo wenu."

"Unamaanisha boksi lenye taa, mama?"

"Taa gani? Kompyuta inapiga simu kwenu. Mnapokea, tunaendelea."

"Inapiga simu kwetu? Kwenye namba hii?"

"Namba yenu nyingine. Ya mtambo."

"Mama, samahani, huduma hiyo bado ipo?"

"Wewe ndiye mwenye kampuni!"

"Subiri nimuulize mkubwa wangu." Muziki ukarudi. Mkubwa aliposhika simu, alisema kwa unyenyekevu kwamba mtambo upo, unawaka, hakuna anayejua funguo za chumba chake ziko kwa nani, na wangeomba aendelee kuutumia hivyohivyo.

Jumatatu Bi Swichi hakujaribu hata mara moja. Aliketi na karatasi na kalamu, akasema ngoja ajizoeze, ili siku ikifika asitetemeke. Akaandika: Kosa la simu ya jeneza lilikuwa langu. Kilichomtisha ni jinsi ilivyoandikika upesi. Miaka yote ile alijiambia hakumbuki vizuri, siku zilikuwa nyingi, simu zilikuwa nyingi. Alikumbuka. Alikumbuka orodha ya namba ubaoni, daktari juu, fundi majeneza chini yake, na kidole chake kimesimama pale chini wakati mdomo unamcheka mwenzake wa swichibodi ya pili aliyekuwa anaiga jinsi bwana mkubwa anavyokohoa. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Kukiri kwa kushindwa mchezo, sawa, angekiri. Kukiri kwa sababu kadi ya chuma imepoteza sauti, hiyo ilikuwa dharau. Kaka Ng'ambo angejua ameshinda bila kucheza, na angekuwa mpole juu ya jambo hilo. Upole wake ndio angeshindwa kuubeba.

Jumanne, siku ya saba, saa tano na nusu asubuhi, alikuwa amekaa mbele ya skrini akiwa amevaa gauni la kutokea, kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu. Mke wa mpwa akaingia kwa ncha za vidole, akafunga mlango wa chumba cha mtoto, akaketi karibu naye.

"Shangazi, kuna jambo nataka kusema, tangu wiki iliyopita naona haya."

Vyombo hivyo, Bi Swichi akajisemea. "Sema."

"Nataka kukushukuru. Mume wangu mimi namjua, asingethubutu mwenyewe. Tangu umwambie aizime ile sauti ya kompyuta, mtoto analala kama mtu mwenye kazi ya maana. Nami napata kuoga."

Bi Swichi aligeuka taratibu, kiti kikalia.

"Aizime sauti gani?"

"Ile ya kupiga simu. Ya paka."

"Aliizima?"

"Jumanne ile, kabla hajaondoka. Si ulimwambia wewe?"

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika thelathini na nne. Bi Swichi alikuwa na maneno mengi ya kusema juu ya mafundi wa lifti, lakini aliyaweka kiporo.

"Irudishe."

"Mimi? Shangazi, mimi najua kuiwasha tu, hata kuizima sijui. Na yeye yuko ndani ya shimo la lifti, simu haimfikii."

Basi ikawa hivyo: kama anataka kupita, atapita bubu.

Akabonyeza. Akafumba macho kwa mazoea, akayafumbua kwa nguvu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshashika waya. Moja, mbili, tatu. Kimya kile hakikuwa kama kimya cha chumba kitupu, kilikuwa kimya cha mtu aliyeshika simu na hasemi. Saba. Nane. Mkono ukaanza kuvuta.

"Shangazi, kuna maandishi," mke wa mpwa akanong'ona. "Yanasema inapiga namba."

"Yanasema hivyo kila siku?"

"Mimi nitajuaje? Wewe si ndiye unayekaa hapa?"

Kumi. Miaka ishirini na saba ya kazi ilisimama nyuma ya kiti chake na kumwamuru achomoe. Bi Swichi aliuachia waya, akaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

Kumi na tano. Ishirini. Jasho likamchuruzika chini ya gauni la kutokea. Maandishi yakabadilika: inahakiki jina. Thelathini. Huko ndani ya boksi paka walikuwa wanapigana vita vyao vyote bila yeye kusikia hata ukucha. Thelathini na nane.

"Imeunganishwa," akasoma mke wa mpwa. "Shangazi, imeunganishwa. Unaweza kutoa mikono."

Barua zilianza kuingia kwa mwendo wao wa harusi. Zote za Kaka Ng'ambo.

Jumatano: kete yake aliyosogeza, bila salamu, kama kawaida. Alhamisi: "Umelala?" Ijumaa: "Najua hujalala. Una kiburi, si usingizi. Kuna nini?" Jumamosi ilikuwa ndefu: "Siutaki ushindi wa namna hii. Nimesoma sharti la tatu upya. Linasema atakayekaa kimya. Halisemi kete zake nazo zikae. Kwa hiyo nimekuchezea kete yako, ile ya pembeni, kisha nikacheza yangu. Usinishukuru." Jumapili alimchezea tena, akala kete mbili zake mwenyewe, akalalamika. Jumatatu alimchezea, akala nyingine mbili kwa mruko mmoja, akaifikisha kete ya Bi Swichi mwisho wa ubao, akaivika ufalme. "Sijui nimekufundisha nini," aliandika. "Unacheza vizuri mno." Na ya Jumanne, asubuhi hiyohiyo: "Nimebaki na kete tatu, wewe una nne na mojawapo ni mfalme. Utanishinda kufikia Alhamisi. Kama umekufa, tafadhali niambie."

Bi Swichi alisoma zote mara mbili. Mke wa mpwa, aliyesoma begani mwake bila aibu yoyote, alikuwa ameshika mdomo.

"Shangazi, unashinda!"

"Naona."

"Si ujibu basi! Dakika zimebaki kumi na tano."

Ubao wa drafti ulikuwa pembeni, na kete zikiwa zimesimama vilevile tangu Jumanne iliyopita, nne kwa saba. Bi Swichi akazipanga kama barua zilivyosema, moja baada ya nyingine, akamkweza mfalme wake, akarudi nyuma kuutazama mpango wote. Ulikuwa mchezo mzuri sana. Hakuna mahali ambapo yeye angecheza hivyo. Kila kete iliyosogezwa kwa jina lake ilisogezwa na mtu mvumilivu.

Akaigusa karatasi kifuani. Akaanza kuandika, kidole kimoja kimoja: Kosa la simu ya jeneza. Akasimama hapo, akayatazama maneno hayo jinsi yalivyokaa kwenye skrini, pweke, yakisubiri mwenzao. Akayafuta herufi kwa herufi. Akaandika upya:

"Kaka, sijafa, nilinyamazishwa. Asante kwa kunitunzia kete. Ila hizo ulizonichezea ni zako, si zangu. Rudisha ubao ulivyokuwa Jumatano, baada ya kete yako. Mimi nina nne na wewe saba. Nasogeza ya kushoto mbele mara moja. Zangu niachie, nizipoteze mwenyewe."

Akatuma saa tano na dakika hamsini na moja.

"Shangazi!" mke wa mpwa akalia, kisha akajiziba mdomo, akakitazama chumba cha mtoto. "Umeshika ushindi mkononi ukauachia!"

"Haukuwa wangu. Na usipige kelele, utamwamsha."

Mpwa aliporudi alikuta amewekewa kiti katikati ya sebule, akahutubiwa kwa muda ambao jirani alihitaji ngazi mara mbili na kuikosa. Akajitetea, akaomba radhi, akakimbilia kibodi kuirudisha sauti. Bi Swichi akamzuia. Mtoto amekwisha kuzoea, alisema, na kuvunja mazoea ya watu ndiko kulikotufikisha hapa. Sasa kila saa nne anaunganisha akiwa macho wazi, mikono chini ya mapaja, na akiulizwa anasema anapasha moto vidole.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumatano iliyofuata, skrini ilipoandika imeunganishwa, ilikuwepo barua moja. "Nimerudisha," aliandika Kaka Ng'ambo. "Ya kushoto ilikuwa kosa. Nimekula mbili."

Bi Swichi akaondoa kete zake mbili ubaoni, akaziweka kando. Akazitazama zile mbili zilizobaki, kisha saba za mwenzake zilizozizunguka, akavuta kiti mbele na kuanza kutafuta pa kukimbilia.